Bingwa, Mwalimu Wangu, na Viambishi Viwili

Walimu wenzangu watakubaliana nami kwamba ni masomo machache ya sarufi yanayowachosha wanafunzi wetu wa Uganda kama somo la -nge- na -ngali-. Vitabu hueleza kwamba -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado laweza kuwa, na -ngali- kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita, wala halitakuwa tena. Mwanafunzi huiandika kanuni hiyo daftarini, huipatia alama katika mtihani, kisha akitoka nje huvichanganya vyote viwili, kama tunavyovichanganya sisi sote tukiwa sokoni. Mimi nilifundishwa tofauti hiyo mwaka 1994 kwa habari ya mabondia wawili, na tangu siku ile sijaisahau. Lakini kuijua kanuni ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja karibu na Jinja. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti iliyofika hadi jikoni. Katika siku zile Kiswahili hakikupendwa na wengi nchini kwetu. Wazee walikikumbuka kama lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani, na wazazi wengine waliuliza kwa nini watoto wao wafundishwe lugha ya kuamrishia watu. Mwalimu hakubishana nao. Aliingia darasani akakifundisha kama mtu anayegawa urithi wa babu yake, nasi tukaupokea.

Jumatatu ya tarehe 7 Novemba 1994 aliingia bila kitabu. Alikuwa amesikiliza redio. Alituambia kwamba George Foreman, mtu wa miaka 45, amemwangusha Michael Moorer, kijana wa miaka 26, katika raundi ya 10 huko Las Vegas, na kwamba sasa ndiye bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Sisi hatukumjua Foreman. Basi Mwalimu akaketi juu ya meza, jambo alilotukataza sisi kulifanya, akatusimulia habari za Kinshasa.

Tarehe 30 Oktoba 1974 yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Pambano lilianza yapata saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, yaani saa kumi na mbili kwetu, jogoo wamekwisha kuwika. Wanachuo walikaa kuizunguka redio moja wakingoja habari. Foreman alikuwa na miaka 25, alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa, na watu wengi walihofu kwamba Muhammad Ali, mwenye miaka 32, angeumizwa vibaya. Ali aliegemea kamba za ulingo, akajikinga uso, akamwacha mwenzake ampige mikononi na mbavuni hata nguvu zikamwishia. Na katika raundi ya 8 akamwangusha. Mwalimu alituonyesha kwa kuegemea ubao, mikono usoni, na aliposimama mgongo wa shati lake ulikuwa mweupe kwa chaki. Hakuna aliyecheka. Kisha akaandika:

Laiti Muhammad Ali angaliacha ngumi baada ya Kinshasa, ...

Akatuambia, “Malizieni. Na kumbukeni: kiambishi cha kwanza kikiwa -ngali-, cha pili nacho kiwe -ngali-. Msianze safari kwa njia moja mkaimaliza kwa nyingine.”

Msichana mmoja akasema, “Asingaliugua.” Sote tulikuwa tumesikia kwamba bingwa yule hutetemeka mikono. Mwalimu akamwuliza, “Una hakika?” Msichana akanyamaza. Ndipo Mwalimu akasema kwamba madaktari wenyewe wanabishana kama ngumi ndizo zilizoleta maradhi yale, na kwamba -ngali- ni mlango wa chumba ambamo hakuna mtu aliyepata kuingia. Kila mmoja husimama nje akaeleza samani zilizomo.

Nilipokuwa mtu mzima niliichukua sentensi ile nikaipigia hesabu. Ali aliingia ulingoni Kinshasa akiwa ameshinda mara 44 na kushindwa mara 2. Baada ya alfajiri ile alipigana tena mara 14: alishinda 11, akashindwa 3. Angaliacha Kinshasa, asingalishindwa mwezi Februari 1978 na Leon Spinks, kijana aliyekuwa amepigana mara 7 tu katika ngumi za kulipwa. Lakini pia asingalirudiana naye New Orleans mwezi Septemba mwaka ule ule, na kuwa mtu wa kwanza kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu mara tatu. Asingalikwenda Manila mwezi Oktoba 1975, ambako yeye na Joe Frazier walipigana kwa raundi 14 katika joto kali, hata mwenyewe akasema kwamba siku ile alikikaribia kifo. Hayo ndiyo matata ya -ngali-: ukichomoa jiwe moja, ukuta mzima husogea.

Iko pia -ngali- ya nyuma zaidi. Mwaka 1967 Ali alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa, na kutoka Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupigana hata mara moja. Alikuwa na miaka 25 alipotoka ulingoni na 28 aliporudi. Mwezi Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimwondolea hatia, lakini miaka haikurudishwa. Yupo asemaye kwamba asingalinyang'anywa miaka ile angalitosheka mapema, akastaafu akiwa mzima. Yupo pia asemaye kwamba angalipigwa zaidi, maana angalau katika miaka ile mwili ulipumzika. Nimewapa wanafunzi wangu mjadala huo mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika katikati.

Lakini iko -ngali- moja ambayo ni vigumu kuibishia. Baada ya New Orleans alikuwa ameshinda mara 56 na kushindwa mara 3. Mwaka 1979 alitangaza kwamba amestaafu. Laiti maneno yale yangalisimama! Mapambano yote mawili yaliyofuata alishindwa. Hayakumwongezea ushindi hata mmoja.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana kumbukumbu yake mwenyewe. Mwezi Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali katika nchi kadhaa za Afrika kuziomba ziisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Alianzia Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Inasemekana Watanzania waliona ni dharau kuletewa mpiga ngumi kuzungumza mambo ya dola. Waandishi wa habari walipomhoji, ilidhihirika kwamba waliomtuma hawakumweleza yote. Jina lilikuwa lake, lakini waliolitumia walikuwa wengine. Na mwezi Oktoba mwaka ule ule jina lile lile lilimrudisha ulingoni.

Ninafika sasa mahali ambapo habari hii inanihusu mimi.

Nilipata stashahada yangu ya ualimu, nikapangiwa shule mbalimbali, na mwishowe nikarudi kufundisha karibu na nyumbani. Mwalimu wangu alistaafu mwaka 2014, akiwa na miaka 60, akaenda kulima ndizi. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakubali kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Sisi tuliokuwa tukifundisha somo lenye wanafunzi tisa tulishangilia kama watu walioshinda kesi. Lakini walimu walikuwa wapi? Kila shule ilitafuta, na waliopatikana walikuwa wachache. Mkuu wa shule yetu akauliza kama namjua mtu. Nikamtaja Mwalimu wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kumtoa shambani.

Alikuja akiwa amevaa suti. Wiki za kwanza zilikuwa za furaha kuu. Walimu vijana walikaa nyuma ya darasa lake wakiandika. Mkuu wa shule aliwaambia wazazi katika mkutano kwamba tunaye mwalimu wa walimu. Kisha nikaanza kuona mambo madogo. Masikio yake yalikuwa yamepungua, naye hakutaka ijulikane. Siku moja nilipita nje ya dirisha lake. Msichana aliuliza maana ya neno “mkwezi”. Mwalimu akamjibu kwa kirefu habari za mkwe na ukoo wake. Darasa zima likacheka. Naye, akidhani amewafurahisha, akacheka pamoja nao.

Niliondoka pale dirishani upesi, kama kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Mwezi Aprili 2023 tulikuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, niambie kweli. Bado naweza?”

Nikamwambia, “Bado, Mwalimu. Bado sana.”

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Kwanza, ni heshima: kijana hamwambii mzee kwamba amechoka. Pili, na hili ni gumu kuliandika, tulikuwa na vipindi vingi na walimu wachache, na yeye akiondoka vipindi vyake vingeniangukia mimi. Nilichanganya heshima na faida yangu katika kikombe kimoja, nikamnywesha mzee wangu, naye akanishukuru.

Tarehe 7 Julai 2023 shule iliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Wageni walikuja, mahema yakapigwa. Mwalimu alialikwa kuhutubia. Alizungumza vizuri kwa dakika kumi juu ya methali na malezi, kwa sauti ile ya zamani, na mimi moyo ukatulia. Alipomaliza alinyamaza kidogo, akatazama karatasi yake, kisha akaanza upya tangu “Mheshimiwa mgeni rasmi”, akaisoma hotuba yote mara ya pili, neno kwa neno. Hakuna aliyemzuia. Mkuu wa shule alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Alipomaliza, wageni walimpigia makofi makubwa kuliko ya kwanza.

Usiku ule sikulala, nikaikumbuka tena habari ya bingwa. Lakini safari hii sikumfikiria yeye, niliwafikiria waliosimama pembeni mwake. Maana bondia hayuko peke yake ulingoni. Nyuma yake wapo mkufunzi, daktari, meneja na jamaa, na taulo iko mikononi mwao.

Mwezi Septemba 1977, baada ya Ali kupigana raundi 15 na Earnie Shavers, mpigaji mwenye ngumi nzito sana, daktari wake Ferdie Pacheco aliona kwamba figo za bingwa zinadhurika. Aliwaandikia barua Ali na watu wake wa karibu. Hakujibiwa, naye akaacha kazi. Wengine walibaki. Tarehe 2 Oktoba 1980 huko Las Vegas, Ali akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni kupambana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa kijana wake wa mazoezi. Alikuwa amepunguza uzito, nywele zimetiwa rangi nyeusi, na kwa macho alionekana kama yule wa zamani. Watu waliona umbo wakadhani wameona nguvu. Alipigwa kwa raundi 10. Mkufunzi wake Angelo Dundee ndiye aliyesimamisha pambano, wakati mwingine pale pembeni alitaka liendelee. Na hata hapo hayakwisha. Mwezi Desemba 1981 Ali alipigana na Trevor Berbick katika visiwa vya Bahama, mahali ambapo hata kengele ya ulingo haikuwapo, ikatumika kengele ya ng'ombe. Alishindwa, na huo ukawa mwisho. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Aliishi nao hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2016.

Tofauti na hayo, nilimkumbuka Eddie Futch, mkufunzi wa Frazier kule Manila. Baada ya raundi ya 14 Frazier alikuwa haoni vizuri, lakini alitaka kuendelea. Ilibaki raundi moja tu. Futch alimkataza asiinuke, akamwambia kwamba yamekwisha, na kwamba hakuna atakayesahau aliyoyafanya siku ile. Frazier alikasirika. Lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake.

Wahenga wamesema, ngoma ikilia sana hupasuka. Methali hiyo tumezoea kuielekeza kwa ngoma. Usiku ule nilijua kwamba yatuhusu zaidi sisi tunaoipiga.

Jumapili nilikwenda kwake. Tulikaa chini ya mwembe. Nilizunguka sana: nikauliza hali ya migomba, nikasifu mvua. Mwishowe nikasema, “Mzee wangu, ulipata kuniuliza swali mwezi wa nne. Nilikujibu uongo.”

Hakuniuliza swali gani. Alikaa kimya muda mrefu, akichora kwa fimbo mavumbini. Kisha akasema, “Umechelewa. Ungaliniambia siku ile, nisingaliisoma hotuba mara mbili.”

Kumbe alijua. Alikuwa ameambiwa na mjukuu wake. Na hata katika uchungu ule viambishi vyake vilikuwa sahihi, vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Hakurudi shuleni muhula uliofuata, na kwa miezi mitatu hakuitikia salamu zangu nilizozituma. Sikumlaumu. Vipindi vyake viliniangukia kama nilivyojua vitaniangukia, na nikavifundisha. Mkuu wa shule aliniambia kwamba nimeiharibia shule jina. Labda ni kweli.

Mwezi Januari 2024 alikuja mwenyewe kwa pikipiki, bila suti. Akasema, “Masikio yamekwenda, lakini macho yapo. Nani anasahihisha insha za kidato cha tatu?” Nikamwambia ni mimi, na kwamba nina marundo mawili ambayo sijayagusa. Akayachukua yote. Tangu hapo kila Alhamisi mwanafunzi mmoja humpelekea insha, na kila Jumatatu hurudi zimejaa wino mwekundu, maelezo marefu kuliko insha zenyewe. Wanafunzi waliomcheka wanagombania kuonyeshana alichowaandikia.

Foreman naye, yule aliyeangushwa Kinshasa, aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri, akakaa miaka 10 nje ya ulingo. Aliporudi mwaka 1987 alikuwa mzito, mpole, mwenye subira, mtu mwingine kabisa. Mtu angesema mwaka ule, “Foreman angepata nafasi, angekuwa bingwa tena,” angechekwa. Lakini kiambishi chake kingekuwa sahihi, kwa kuwa mlango ulikuwa bado haujafungwa. Na usiku ule wa mwaka 1994, mmoja wa waliosimama pembeni mwake alikuwa Angelo Dundee, mzee yule yule aliyesimamisha pambano la Ali. Ali naye alikuwa amekwisha kupata kazi nyingine ya jina lake: mwaka 1990 alikwenda Iraq, akarudi na mateka 15 wa Kimarekani. Huenda basi swali la jinsi kazi ya bingwa ingaliendelea halimhusu bondia peke yake. Lawahusu pia waliompenda: walimwambia nini, na walimwambia lini.

Kabla ya kuipeleka makala hii kwa mhariri nilimpelekea Mwalimu aisome, maana sikutaka kumsema nyuma ya mgongo wake. Aliirudisha siku ya Jumatatu pamoja na insha za wanafunzi. Hakugusa habari ya dirisha wala ya hotuba. Alisahihisha neno moja tu. Nilikuwa nimeandika, “Laiti Mwalimu wangu angalikuwa na masikio mazuri, angalifundisha miaka mingine kumi.” Alikata -ngali- zote mbili, akaandika -nge- juu yake, na ukingoni, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: “Nipo.”

Mwezi ujao nitampeleka kwa daktari wa masikio.